Gervas hakuchanganya filamu

Akili yangu bado inakataa. Jumanne tulikuwa tunaongea kwenye simu, leo naandika "marehemu Gervas".

Tangu asubuhi mnanitumia pole. "Ulikuwa rafiki wa kweli." Jamani, acheni. Maneno hayo siyastahili, na sababu nitaisema hapa hapa.

Miaka ya sabini mwanzoni, mimi na Gervas tulikuwa wanafunzi hapa Stockholm, vijana wawili kutoka Tanzania wenye makoti ya kuazima. Kiangazi tukapata kazi ya kupiga picha mawingu yanayong'aa usiku. Ni membamba, ya samawati na fedha, na yako juu mno hata jua lililokwisha kuzama bado linayafikia.

Yeye alisimama kilimani Vällingby, mimi Hagsätra, upande mwingine wa jiji. Tulipiga picha dakika ileile, ili watafiti walinganishe na kujua mawingu yako juu kiasi gani. Mmoja akikosekana, data ya mwenzake haina kazi.

Gervas alikuwa na kichaa cha kazi ile. Alivaa soksi tatu, na kamera aliifunika kwa kitenge cha dada yake isipate umande.

Usiku mmoja nikapata mgeni kutoka nyumbani, ana barua za mama na dagaa. Mgeni wa namna hiyo humwachi peke yake chumbani ukaenda kutazama mbingu. Nikabaki, tukapika, tukapiga stori hadi kukakucha. Hilo hata leo silijutii.

Uchafu nilioufanya ni wa asubuhi. Nikaandika kwenye daftari la kazi: "Anga safi. Hakuna mawingu, hakuna picha."

Usiku huohuo Gervas alikuwa amepiga picha nzuri kuliko zote. Bosi akalinganisha, akaamua Gervas amechanganya filamu za siku tofauti. Picha zake za kiangazi kizima zikawa reject. Kazi ikaisha, na nafasi ya kusomea mambo ya anga aliyokuwa ameahidiwa ikaota mbawa.

Gervas alijua. Mgeni wangu mwenyewe alimsimulia tulivyokesha.

"Kamwambie bosi," akaniambia. "Mimi siwezi kukuchongea."

"Kesho," nikasema. Niliogopa kufukuzwa, kisha ninyimwe kibali cha kuishi.

Hakuniuliza tena. Akaenda kusafisha picha za harusi za watu kwenye duka moja hadi akastaafu. Kila Krismasi alikuja kwangu Hallonbergen, akabeba wanangu mgongoni, akala pilau yangu. Na mimi nammiminia chai, ile "kesho" haijafika. Najionea kinyaa. Hata yule bosi simchukii hivyo. Yeye alidanganywa.

Jana, baada ya kupata habari za msiba, nimeiandikia ile idara iliyotuajiri: usiku ule sikuwepo Hagsätra, nilichoandika ni uongo, picha za Gervas na tarehe zake ni za kweli. Nimeweka jina langu kamili. Wanaweza kuitupa barua, na nimechelewa mno, najua.

Gervas, ndugu yangu, nakuaga kwa aibu. Pumzika sasa. Hukukosea wewe.