Kizimba cha Kinyonga

Ashukuriwe Mungu, aliyenivumilia hadi uzee huu. Juzi siafu walivuka njia mbele yangu, nikakumbuka alasiri moja kwetu Njombe.

Kinyonga wangu alikaa uani, ndani ya kizimba cha mianzi nilichokifunga kwa kamba ili mwewe asimle. Nilisikia mchakacho kama wa manyunyu juu ya majani makavu, nikadhani mvua inaanza. Kumbe siafu walikuwa wameshakivamia kizimba. Kinyonga aligeuka mweusi, na fundo likanishinda kulifungua.

Bibi alitoka jikoni akinuka moshi, panga mkononi. Kwa wazee wetu, kumgusa kinyonga kulikuwa kujiitia msiba.

“Umewapakulia siafu, wewe mtoto!” alifoka. Akakata kamba, akamtoa kinyonga kwa mkono mtupu, midomo ikimtetemeka kwa sala.

Msomaji wangu, Mungu akujalie mtu wa kukufungulia, hata kama anaogopa.