Mgongoni kwa Mama Bahati

Majani yaliyoungua yakinyeshewa na mvua ya kwanza hutoa harufu ya ajabu, kama majivu ya jikoni yaliyomwagiwa maji na kuchanganyika na udongo mbichi. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya Septemba. Nje ya Johannesburg, majira ya baridi huiacha nyika kavu na ya manjano, kisha moto hupita na kuigeuza nyeusi tupu, na kabla hujazoea weusi huo nyasi changa huanza kuchomoza, kijani kibichi cha kuumiza macho. Shuleni tulifundishwa jina la majira hayo kwa Kiingereza. Mama yangu, aliyekulia Tanga, hakuwa na neno lake, basi akayaita vuli, kwa kuwa kwao mvua ndogo hazikai mbali na wakati huo, na wanawake wa kundi letu wakalipokea jina hilo bila ubishi. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba vuli ni wakati wa kutembea.

Kundi lilianza na Dada Wambui, Mkenya mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa jirani yetu wa ukuta mmoja pale mtaa wa Observatory. Alichoka kukaa kwenye cherehani kutwa nzima, akaanza kupanda kilima cha nyuma ya nyumba zetu asubuhi na mapema. Mama akamfuata. Wenzake Mama waliouza naye vitenge na kanga Fordsburg wakamfuata Mama, na baadaye wakaja wasusi Wakongomani kutoka Yeoville, ambao walicheka kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Jumapili baada ya ibada walitembea vilima vya karibu, na sikukuu za vuli walikodi kombi wakaenda mbali, mashambani, kwenye milima. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na Mama hakutaka kuniacha nyumbani na televisheni. Sheria ya njiani ilikuwa moja tu: Kiswahili, na atakayeteleza kwa Kiingereza anabeba ndoo ya chakula. Mimi, mzaliwa wa hapahapa, niliyekisikia Kiswahili cha Mama na kumjibu kwa Kiingereza siku zote, niliibeba ile ndoo mpaka viganja vikaota sugu. Lakini maneno yaliingia. Siku moja ndege wenye madoadoa walikatiza mbele yetu mbio, Mama akapiga kelele, "Kanga! Kanga!" nami nikageuka kumtafuta aliyeangusha nguo. Dada Wambui alicheka hadi akakaa chini.

Mtu mmoja tu alikataa kutembea nasi. Huyo alikuwa Mama Bahati, msusi aliyenisuka tangu nikiwa mdogo, mwanamke mpana, mpole, aliyetoka upande wa Uvira, huko Kongo. Miguu yake ilikuwa inavimba kwa kusimama saluni, na daktari alikuwa amemwonya kwamba asipoanza kutembea atajuta. Mama alipomkumbusha, alijibu bila kuinua macho kutoka kichwani kwangu. "Nilishatembea, dada. Nilitembea ya maisha yote." Nilijua kidogo alichomaanisha, kwa kuwa watu wazima husahau kwamba mtoto anayesukwa ana masikio. Alikuwa ameikimbia vita kwa miguu, na Bahati mgongoni, na tangu afike mji huu hata dukani alipenda kwenda kwa gari. Mama hakubishana naye. Alinunua raba za rangi ya zambarau, akanituma nimpelekee. Mama Bahati alizigeuzageuza, akazivaa, akajitazama kwenye kioo kikubwa cha saluni. "Hizi ni viatu vya askofu," alisema, na nilipomwona anatabasamu nikajua tumempata.

Tulimchukua katika ile sikukuu ya Septemba ambayo watu wa nchi hii huvaa nguo za asili zao na kuchoma nyama. Kombi ilitushusha kwenye geti la shamba chini ya mlima, na hapo tukakutana na wazee wa Kizungu wenye fimbo, kofia pana na soksi zilizovutwa hadi magotini. Sisi tulikuwa na vitenge, raba, sufuria ya pilau, chapati zilizofungwa kwenye taulo na sombe, kisamvu cha Wakongomani, ya kutosha ukoo mzima. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu harusi iko wapi. Nilipotafsiri, Mama Bahati aliweka mkono kiunoni. "Mwambie bibi harusi ni mimi." Mzee akavua kofia, akampa pongezi.

Kupanda kulikuwa kugumu kwake. Alibaki nyuma, na mimi nikabaki naye, tukisimama kila mahali penye jiwe la kukalia. Miti isiyo na jani hata moja ilikuwa imejaa maua mekundu, na kwenye udongo mweusi vimaua vya njano vilikuwa vimetapakaa kama punje za mahindi. Nilimwona anageuka nyuma mara kwa mara, wakati nyuma hapakuwa na mtu. Nilimuuliza anatafuta nini. "Ni mazoea tu, mutoto," alisema. Kisha akainuka, tukaendelea kupanda. Tulipofika juu wanawake walimpigia vigelegele, wakamkalisha kwenye kitenge, na alikula kuliko sote huku akilitazama bwawa lililong'aa mbali bondeni.

Mawingu yalipanda upesi, kama yanavyofanya huku. Tulikuwa tukigawana chapati za mwisho upepo ulipobadilika na anga ikageuka rangi ya risasi. "Kina mama, tushuke!" Dada Wambui alipaza sauti. "Sasa hivi, acheni sufuria!" Radi huua watu katika milima hii, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Tulishuka kwa haraka, matone ya kwanza yakiwa makubwa na ya baridi, na katika haraka hiyo mguu wangu ukaingia kwenye shimo la mnyama. Nilisikia kifundo kikigeuka. Nilijaribu kusimama nikashindwa. Mama alinishika kwapani akajaribu kuninyanyua, akateleza, akajaribu tena, na usoni mwake niliona hofu ambayo sikuwahi kuiona.

Mama Bahati alikuwa ameshafungua kitenge chake cha juu. Akachutama mbele yangu. "Panda mugongo."

"Mimi ni mkubwa," nilisema.

"Mukubwa wa wapi? Panda!"

Nilipanda. Akakipitisha kitenge, akakaza fundo kifuani, akainuka huku akiguna kwamba niko mzito kama mfuko wa bunga, yaani unga. Kisha akashuka mlima. Mwanamke aliyepanda kwa kuhema kila hatua alishuka kwa ubavu, taratibu, akitanguliza kisigino, na hakuteleza hata mara moja. Kila ngurumo ilipopasuka nilihisi mgongo wake ukishtuka chini ya shavu langu, na nilidhani ataanza kukimbia. Hakukimbia. Alianza kusema, sijui aliniambia mimi au alijiambia mwenyewe. "Ni mvua tu. Hakuna mutu anatukimbiza. Ni mvua tu." Mama, aliyekuwa pembeni akinishika mkono, akayarudia maneno hayo. Wa mbele wakayadaka, na kabla hatujafika chini kundi zima lilikuwa likiimba, limelowa chapachapa, kwamba ni mvua tu.

Mwenye shamba, mama wa Kizungu mwenye mabuti, alitufungulia banda la trekta na kutuletea kahawa ya moto. Alipoiona miguu yangu mirefu ikining'inia kwenye kitenge aliuliza kama naumwa sana. "Mwambie ni mutoto yangu wa mwisho," alisema Mama Bahati, "anakataa kuacha ziwa." Wanawake waliangua kicheko, nami nikakataa katakata kutafsiri. Nje mvua ya mawe ilikuwa ikipiga bati, na mle ndani mwenye shamba alikuwa anaonja sombe iliyosalimika kwenye ndoo.

Mama Bahati hakukosa safari hata moja katika vuli zilizofuata. Alitembea mbele, karibu na Dada Wambui, na miguu yake ikapungua uvimbe.

Sasa nafanya kazi ofisini Marshalltown, katikati ya jiji hilihili, na vuli ikifika huwa napanda milima na wenzangu wa kazini. Ni watu wema. Wana viatu bora kuliko vyetu vya zamani, wanafika kileleni upesi, wanatafuna karanga wakiwa wamesimama, na kabla ya saa sita tumeshageuza. Dada Wambui alirudi Kenya, magoti ya Mama hayataki tena mlima, na Mama Bahati alihamia kwa Bahati katika nchi ya theluji. Huwa ananipigia simu, na tunaongea Kiswahili kirefu. Juzi aliniuliza kama bado natembea, na natembea na nani. Nilimtajia majina. Akataka kujua kama kati yao yupo anayeweza kunibeba mgongoni. Nilifikiri kidogo, nikamwambia sidhani.

"Basi kula muzuri, mutoto," alisema. "Weye ndiye utabeba."