Mstari Uliopinda Nyuma ya Jiko la Mama

Marehemu kaka yangu alifanya kazi ya kuchora mstari mmoja tu, na mtaani wakamwita Bwana Mstari. Kila mwaka ofisi ya ramani ilipokea picha za setilaiti za ufuo wetu. Yeye alikaa mbele ya kompyuta, miwani imeteremka puani, akafuata mahali mchanga mbichi unapokutana na mkavu. Mstari mpya aliuweka juu ya ile ya miaka ya nyuma, akajua bahari imekula kiasi gani. Kwa kiasi hicho aliusogeza mstari hadi pale maji yatakapofika msimu wa mvua; nyumba zilizoguswa nao zilipakwa alama nyekundu, na wenyewe wakatakiwa kuhama kabla ya mvua.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alisali kabla ya kuwasha mashine. Kisha aliuliza picha imepigwa saa ngapi, akatazama jedwali kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.

"Maji yakipwa, dada, bahari inajifanya mpole," aliniambia. "Ukichora saa hiyo bila kusahihisha, umewadanganya watu."

Ramani yake ya mwisho ilitoka wiki aliyolazwa. Nyumba sita za mtaa wetu zilipata alama nyekundu. Ya mama, iliyo katikati ya hizo, haikupata. Mstari ulikuja umenyooka, ukafika nyuma ya jiko la mama, ukapinda kuelekea baharini, ukalizunguka, kisha ukaendelea na safari yake.

Mshona viatu, ambaye nyumba yake imepakana na ya mama, hakukawia kumtania mama. "Bahari ya kwenu ina adabu, shangazi! Kwetu inavunja mlango, kwenu inapita kwa kunyata."

Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimeshaanza kumshuku ndugu yangu kwamba aliipendelea nyumba ya mama. Nilimpelekea uji hospitalini na sikumtazama machoni. Siku moja alinishika mkono akasema, "Daftari langu..." Nikamwambia apumzike. Kesho yake alifariki.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mkuu wake wa kazi. Alimpa mama pole, akauliza daftari liko wapi. Akamuuliza wifi yangu, mjane wa marehemu. Akaniuliza na mimi, mlangoni, viatu vyake mkononi. Mtu gani anaulizia daftari mara tatu kwenye msiba? Nilimjibu sijaliona, na wakati huo lilikuwa chini ya kitabu changu cha sala, tangu nilipolichukua kwenye vitu vyake vya hospitalini.

Alipoondoka nililifungua. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mtu anayetetemeka, ulisema: "Juu ya nyumba ya mama palikuwa na wingu. Niliziba pengo kwa picha ya siku nyingine, sikuangalia saa. Maji yalikuwa yamekupwa. Nimekosea. Mstari urudi nyuma hatua kumi na nane."

Nilikaa na karatasi ile mapajani. Nikiichoma, mama atabaki nyumbani kwake, na kaka atabaki tapeli midomoni mwa watu. Nikiitoa, jina lake litasafika, lakini mama atahama akiwa na miaka sabini na sita. Na huyo mkuu? Nani aliniambia hatauchana ukurasa?

Nilisali, lakini mkuu sikumwamini. Nilimwita Jumamosi asubuhi barazani kwa mama, nikamwita na mshona viatu pamoja na wenye nyumba wengine watano. Nikamwambia asome kwa sauti.

Alisoma. Alipomaliza alisema, "Ramani niliipitisha mimi. Sikuuliza saa."

"Ndiyo maana ulikuwa unalitafuta?"

"Ndiyo." Kama alilitafuta ili asahihishe kosa au alifiche, hakusema. Mpaka leo sijui.

Mshona viatu alivua kofia. "Shangazi, nilisema vibaya. Nisamehe."

"Wewe ulisema kwa mdomo," mama alimjibu. "Binti yangu alisema moyoni. Afadhali wewe."

Mama akamgeukia mkuu. "Hizo hatua kumi na nane, zihesabu nizione."

Mkuu alianzia nyuma ya jiko, pale mstari ulipolizunguka upande wa bahari. Alipita jikoni, akavuka ukumbi, akasimama chumbani, goti lake limegusa kitanda cha mama.

Mama alikitazama kitanda. "Hesabu za mwanangu zilikuwa sawa," alisema. Kisha akaniambia, bado hajanitazama, "Kalete rangi nyekundu. Alama uipake wewe."