Picha ya Luka iliyorudi baada ya matanga

“Mama Salmini, hivi kazi yako hasa ni ipi? Maana kila nikipita hapa nakuona umekaa tu.”

Swali hilo Safiya Hatibu aliwahi kuulizwa na jirani yake Mwahija, muuza maandazi. Akamjibu kwamba anafungua kurasa. Mwahija alicheka mpaka akatua beseni chini.

“Unafungua na nini, mbona hata koleo huna?”

Asubuhi hii hacheki mtu. Safiya, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amekaa mbele ya kompyuta katika chumba kimoja karibu na stesheni ya reli mjini Shinyanga. Nje bajaji zinagombea abiria. Ndani, kwenye benchi, yupo mama aliyejifunga kitenge kifuani, simu ya kitochi mkononi. Kichwa chake kilinyolewa. Nywele ndiyo kwanza zinachomoza.

Simu inaita. Mama haipokei. Anaigeuza kifudifudi juu ya paja mpaka inyamaze.

“Ni wao tena,” anasema.

Anaitwa Limi, mkulima wa kijiji kimoja cha huko Mhunze. Mwanawe, Luka, alikwenda kuchimba dhahabu pande za Geita, na habari zake zikakatika. Familia ikaleta picha yake kwenye chama kidogo anachofanyia kazi Safiya, kinachosaidia ndugu wa wachimbaji. Chama kina tovuti, na kwenye tovuti upo ukurasa wa ndugu wanaotafutwa. Picha ya Luka ikawekwa, na chini yake namba ya simu ya mama.

Masika yalipopungua, Luka alipatikana. Duara, yaani shimo walilokuwa wakichimba, lilikuwa limewafukia. Akaletwa nyumbani ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, kwa kuwa walioufukua mwili walishauri lisifunguliwe. Wakazika, wakaomboleza, wakanyoa. Kwao, kunyoa nywele ndiko kufunga msiba.

“Mtu mkishamnyolea hatafutwi tena,” anasema Limi. “Lakini huku kwenu ilikuwa imeandikwa anatafutwa. Basi watu wanapiga, wanasema: Mama, kijana wako tunaye, anaumwa, tuma ya dawa. Mwingine aliniigizia kukohoa.”

Hapo ndipo kazi ya Safiya inapoanza, na ndipo ilipoharibika.

Chama kina wawakilishi sehemu kadhaa, na wote huandika kwenye tovuti hiyo hiyo kwa programu moja. Mtu akitaka kurekebisha ukurasa, huuchukua kwanza, na nakala yake hushuka kwenye kompyuta anayotumia. Papo hapo programu huweka alama ya kufuli na jina lake, na wengine wote hawawezi kuugusa mpaka aurudishe. Imewekwa hivyo ili wawili wasifutiane kazi.

Taabu huja pale mtu anapouchukua, umeme ukakatika, au bando likaisha, naye akafunga kompyuta akaenda zake. Kufuli hubaki. Safiya humtafuta mhusika, humbembeleza aurudishe, na asipopatikana huingia mwenyewe kwenye seva na kulifuta lile faili dogo linaloshikilia kufuli.

Kazi hiyo aliachiwa na karani aliyehama, na humpa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi. Amefiwa na mume, na ana watoto wawili wanaosoma.

“Kulifuta ni jambo la kufumba na kufumbua,” anasema. “Ila kuna mwiko wake. Usivunje kufuli la mtu kabla hujasema naye mkaelewana, kwa sababu ile nakala aliyonayo bado iko kwenye mashine yake. Wewe utasafisha huku, yeye kule ana uchafu ule ule.”

Limi alipofika mara ya kwanza, ukurasa ulikuwa mikononi mwa Gregory, mwakilishi wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Alikuwa ameuchukua ili aongeze jina la kijana mwingine. Kisha akasikia kuna rashi, dhahabu imeonekana porini, naye akafuata wenzake. Kompyuta akaiacha kwenye duka la kuchajia simu. Laini yake haikupatikana.

Safiya alisubiri. Kila siku mama alikuwa akipiga kuuliza, na kila siku matapeli walikuwa wakimpigia mama.

“Nikaona huku ni kumtesa mjane mwenzangu... si mjane, mfiwa mwenzangu,” anasema, akijisahihisha. “Nikavunja. Nikamtoa Luka, nikasema alhamdulillah. Gregory nikamwandikia ujumbe kwenye ile laini isiyopatikana. Nikajiona nimemaliza.”

Gregory alirudi kutoka porini bila dhahabu, akiwa na laini mpya. Akafungua kompyuta, akakuta kazi yake imelala, akabonyeza kuirudisha. Programu ilimuuliza kama anataka kuweka ya kwake juu ya iliyopo. Akakubali. Luka akarudi kwenye wanaotafutwa, na namba ya mama yake chini yake.

Mara hii aliyepokea simu ni mume wa Limi, Mzee Mageni.

“Alitupa udongo kaburini kwa mkono wake,” anasema Limi. “Lakini sanduku hatukufungua. Huyo mtu akamwambia, fungua mtandao, wenyewe wameirudisha picha, wangeirudisha kama amekufa? Akaenda kwa mwalimu akaonyeshwa. Akarudi nyumbani anatafuta viatu.”

Mzee ameuza ndama, amepanda gari la Geita. Hajarudi.

Safiya anasikiliza akiwa ameinamisha uso. Ukurasa umefungwa tena kwa jina la Gregory, kwa sababu baada ya kuurudisha aliuchukua upya amwongeze kijana mwingine, na umeme ukakatika. Safari hii hajaugusa. Tangu jana amemtuma bodaboda wa Kakola, Enock, ampelekee Gregory simu huko huko aliko.

Simu ya mezani inaita. Ni Gregory. Safiya anaweka sauti ya wote wasikie.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Uko mbele ya kompyuta?”

“Nipo. Dada, mimi niliona kazi imekaa siku zote hizo, nikasema niiwahishe nisije nikaonekana mvivu.”

“Sikulaumu, Gregory. Futa nakala yako. Usirudishe. Futa.”

“Na yule kijana niliyemwongeza?”

“Niandikie jina lake, nitamweka mimi. Umefuta?”

Jogoo anawika upande wa Kakola.

“Nimefuta, dada. Huyo mama yupo hapo?” Sauti inashuka. “Mwambie anisamehe.”

Limi anaitazama simu ya mezani.

Safiya anaingia kwenye seva, analifuta faili la kufuli, anauchukua ukurasa kwa jina lake mwenyewe. Anaiondoa picha, anaiondoa namba. Anaurudisha. Kisha anatazama kwa simu yake pia, kuhakikisha.

Anasema amepanga jambo moja. Atamwomba mwenyekiti wa chama ukurasa wa wanaotafutwa usiandikwe tena na kila mwakilishi. Wawe wanampigia yeye, yeye ndiye aandike, awe peke yake mwenye kuulizwa. Mwenyekiti akikataa, ataomba tena.

“Kompyuta haijui nani kafa,” anasema. “Inajua nani kaandika mwisho. Basi huyo wa mwisho na awe mtu unayeweza kumfuata hapa ukamkuta.”

Anamgeuzia Limi kioo cha kompyuta.

“Tazama, mayu,” anasema, akimwita mama kwa Kisukuma. “Hayupo.”

Limi anasogea. Anapitisha kidole juu ya nyuso za vijana waliobaki, mmoja mmoja, bila kugusa kioo.

“Basi mpigie na baba yake,” anasema. “Umwambie wewe wa ofisini. Mimi amekataa kunisikia.”

Safiya anapiga. Inaita muda mrefu, kisha inapokelewa, na kelele za mashine za kusagia mawe zinaingia chumbani.

“Halo,” anasema Mzee Mageni, anahema. “Umemwona?”

“Hapana, baba. Mimi ni Safiya, wa ofisi ya Shinyanga. Ile picha ilirudi kwa makosa yetu. Hakuna aliyemwona. Nimeshaiondoa. Mama Luka yuko hapa nami, anakuomba urudi nyumbani.”

Mashine zinasaga. Safiya anaiangalia simu kama imekatika.

“Umeiondoa?”

“Nimeiondoa, baba.”

“Irudishe,” anasema mzee. “Huku nawaonyesha watu hiyo. Irudishe, binti yangu, nakuomba.”

Safiya anamtazama Limi.

Limi anainuka, anakaza kitenge, anachukua mwavuli wake ulioegemezwa ukutani. Anapita mlangoni, anaita bajaji impeleke kwenye magari ya Geita.