Mwethya wa Uwanja wa Ngozi

Watu wakiniuliza mbona kila nikipita karibu na lile soko la kule chini mtoni natema mate, huwa nawaambia wakae niwape habari za Kamanthe. Wengi hawakai. Wanasema, "Syombua ameanza tena." Ndiyo, nimeanza tena, na hata kesho nitaanza. Hasira zangu si za kupoa haraka, na jambo lenyewe halijaisha.

Kamanthe ni jirani yangu. Shamba lake na langu yanatenganishwa na mstari wa mikonge, kwenye mteremko wa Iveti unaotazama mji wa Machakos. Alizaliwa Mitaboni, akaolewa huku kwetu. Mumewe alikuwa akivunja mawe Mlolongo mpaka siku ukingo wa machimbo ulipomwangukia. Kamanthe akabaki na mtoto mmoja, Kyalo, na ekari moja ya mteremko ambayo bila matuta haizai hata kunde. Ndipo akaingia kiwanda cha ngozi.

Kiwanda hicho kilikuwa mtoni, mwisho wa mji. Yeye walimweka kwenye mashimo ya chokaa. Ngozi mbichi ilitupwa humo ikalowa siku kadhaa mpaka manyoya yakaachia, kisha ikavutwa kwa kulabu ikakwanguliwa. Mashimo tisa, kila moja linammeza mtu mzima amesimama. Glovu walipewa mwaka wa kwanza tu. Alikaa hapo miaka kumi na mmoja, viganja vikakauka na kupasukapasuka hata kanisani, watu wakipeana mkono, yeye alikuwa akitoa kifundo cha mkono. Nilikuwa nikiona hivyo nachemka, naye ananiambia, "Wacha, Syombua, kazi ni kazi."

Mwaka wa tisini na sita wenye kiwanda walipakia mashine kwenye malori mawili wakaenda zao. Wafanyakazi walijua asubuhi, walipokuta kufuli kwenye geti. Mashimo yaliachwa na kila kilichokuwa ndani. Kwa miaka minane uwanja ule ukawa magugu, mabati yenye kutu na mizoga ya mbwa, na mvua ikinyesha mji mzima unaziba pua. Mbuzi wawili wa mzee Mbithi walitumbukia humo. Kamanthe akaanza kuuza nyanya na sukuma wiki kando ya barabara, amekaa juu ya gunia, jua likimchoma na askari wa mji wakimkimbiza. Akiona wanakuja anafunga vitu kwenye leso, anakimbia, nyanya zingine zinabaki zinakanyagwa.

Basi mwaka wa 2004 likaja neno jipya: kufufua. Kila mtu alikuwa anafufua kitu. Kukaundwa kamati ya kufufua uwanja wa ngozi, na mwenyekiti akawa Masila, mwenye duka kubwa la saruji na misumari. Kungejengwa soko lenye vibanda thelathini na viwili. Wafadhili wangetoa mabati na saruji, lakini walikuwa na sharti: jamii ichangie nguvu zake. Mashimo yafukiwe kwanza, uwanja usawazishwe. Na Masila, mtoto wa huku huku, alijua pa kwenda kupata nguvu za bure. Alikuja kwa Kamanthe Jumapili baada ya kanisa, sote tukiwa tumekusanyika hapo, kwa sababu Kamanthe ndiye anaongoza mwethya wetu.

Kama wewe si wa huku, mwethya ni hivi. Wanawake tunajikusanya, tunalima kwa mmoja leo, kwa mwingine wiki ijayo. Matuta yote unayoyaona kwenye milima hii yamechimbwa hivyo, kwa jembe na nyimbo. Hakuna malipo. Sheria ni moja: ukilimiwa, na wewe unalima. Kwa hivyo kabla jembe halijainuliwa, kiongozi huuliza shamba ni la nani, ili kila mtu ajue ni nani atakayerudisha.

Kamanthe aliuliza. Masila akafungua mikono kama mchungaji anayebariki. "Ni lenu, akina mama! Vibanda thelathini na viwili, na nyinyi hapa ni thelathini na wawili. Mnataka Mungu awaambie namna gani?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na mikono hii ningependa kuikata. Mueni, ambaye amesoma mpaka kidato cha nne, alisema kwa sauti ya chini kwamba afadhali tumwambie aandike. Kamanthe akamkatiza. "Mwethya hauandikiwi barua. Tangu lini tukaandikiana?" Hapo ndipo alipokosea, na nimemwambia usoni mara nyingi. Kwetu sisi haiandikwi kwa sababu tunajuana, na asiyerudisha anaonekana kila siku kisimani. Lakini tukisema uwanja ni wetu, basi nani anatudai na nani tunamdai? Hakuna! Tulikuwa tumejilimia wenyewe kwenye ardhi ya watu. Masila alilijua hilo kabla hajashuka kwenye pikapu yake.

Tulifanya kazi kuanzia Juni mpaka Oktoba, Jumanne na Ijumaa. Udongo tulitoa kwenye ukingo ng'ambo ya mto, tukabeba kwa makarai na magunia, ukanda umekatiza kwenye paji la uso. Kamanthe ndiye aliyejua mashimo yako wapi, maana mengine yalikuwa yamefunikwa na magugu juu ya mbao zilizooza. Alitangulia na fimbo akigonga chini. "Hapa usikanyage. Hapa pia." Uchafu wa zamani uliobaki ndani aliingia kuuzoa yeye mwenyewe, akatukataza sisi. Viganja vikapasuka upya, vikatoa damu. Nilimwambia aache, akaniambia anajua atakalofanya.

Kumbe alikuwa amechagua. Kibanda namba nne kingekaa juu ya shimo alilokuwa akifanyia kazi. "Hilo shimo lilinila miaka kumi na mmoja," aliniambia. "Nataka niweke kiti changu juu yake, niuze nyanya, nilikalie mpaka nizeeke." Alikuwa akitaka paa, mlango wa kufunga, na asikimbizwe tena. Si zaidi. Sijawahi kumsikia akitaka kitu kingine tangu mumewe afe.

Masila alikuja mara mbili kutuletea soda, na mara moja akaja na mpiga picha. Alishika jembe la Mueni, akalinyanyua, picha ikapigwa, akalirudisha. Halikugusa udongo. Sisi tukacheka, wajinga sisi!

Miezi hiyo ndiyo ya kutengeneza matuta kabla ya mvua, na sisi hatukugusa yetu. Mvua ya Novemba ilipokuja, tuta la tatu la Kamanthe lilipasuka, mahindi machanga yakashuka na udongo mpaka bondeni. Soko lilikuwa karibu kufunguliwa.

Siku ya ufunguzi tulivaa vizuri. Kulikuwa na hema, mgeni kutoka Nairobi, na mstari wa mbele wa viti vyenye vitambaa vyeupe. Mama yake Masila, bibi Mwelu, alikuwa ameketi hapo na kitenge kipya, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye zamani aliongoza mwethya wa upande wa pili wa mlima. Sisi tulisimama nyuma, kwenye jua. Kisha Linet, karani wa kamati, akachukua kipaza sauti akaanza kuita majina ya wenye vibanda waje wachukue funguo.

Namba moja, shemeji yake Masila. Namba mbili, mwenye baa. Namba tatu, mtu wa kamati. Namba nne, bwana mmoja Kaloki ambaye hata hakuwepo, mwenzake akaja kumchukulia. Nilisikiliza mpaka thelathini na mbili nikidhani labda orodha imeshikwa chini juu. Hakuna hata mmoja wetu. Hata mmoja! Linet mwenyewe alikuwa akisoma macho chini.

Kamanthe alipita katikati ya watu mpaka mbele. "Mwenyekiti, niko na swali."

"Mama, kaa chini. Tuko na ratiba," Masila akasema.

"Ulituambia uwanja ni wetu."

Masila akamgeukia mgeni akatabasamu, kama mtu anayeomba radhi kwa sababu ya ng'ombe aliyeingia barazani. "Akina mama walitoa mchango wa jamii. Tunawashukuru sana. Tuwapigie makofi."

Na watu wakapiga makofi! Nilitaka kuangusha hema lile mti kwa mti. Tunapobeba udongo sisi ndio jamii. Funguo zikitolewa, jamii ni shemeji yake.

Kamanthe alingoja makofi yaishe. "Sawa. Kama uwanja ni wetu, toa funguo. Kama ni wako, basi tumekulimia, na wewe ni Mkamba, unajua anayelimiwa hulima. Tuko thelathini na wawili. Jumanne anza kwangu. Kuja na jembe." Wakubwa wakacheka mpaka wakashika matumbo. Masila alicheka kuliko wote. Askari wawili wakamshika Kamanthe mikono wakamtoa nje ya geti, na sisi tukatoka naye.

Jumanne asubuhi nilikuwa nikikamua mbuzi nikasikia jembe likigonga upande wa Kamanthe. Nikachungulia juu ya mikonge. Bibi Mwelu, mama yake Masila, alikuwa ndani ya lile tuta lililopasuka, kitenge amekifunga kiunoni, miguu mitupu kwenye tope, anachimba. Alikuwa ametembea kutoka mjini, kilima chote kile. Kamanthe alikuwa amesimama mlangoni ameduwaa, kikombe mkononi.

Niliruka mikonge. Tulimkimbilia sote wawili kumnyang'anya jembe.

"Msiniguse," akasema. "Nimelimiwa na watu tangu kabla nyinyi hamjazaliwa, na hakuna mwanamke wa mlima huu anayenidai siku moja. Nimezaa mwizi. Basi nalima."

"Mwaitu, mama yetu, wewe huna kosa," Kamanthe akamwambia.

"Nani alimlea? Wewe?" Akarudi kwenye kazi. Kamanthe akachukua jembe lake akaingia kando yake, na mimi nikaingia, maana ungefanya nini?

Saa nne pikapu ikapanda. Mtu alikuwa amempelekea Masila habari. Alishuka na suti, kiatu kikazama, akaja akirukaruka kutafuta pakavu. Juu ya njia watu walikuwa wameanza kusimama.

"Mama, twende nyumbani. Watu wanaona."

"Nataka waone," bibi akajibu, akampa mgongo.

Masila akasimama hapo jasho likimtoka. Alitazama watu, akatazama mgongo wa mamaye, kisha akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa akiba wenye kibati cha namba. "Chukua," akamwambia Kamanthe. "Namba nne. Kaloki nitaongea naye. Mwambie tu mama aache."

Nitasema ukweli, kwa sababu nimeanza na ukweli. Moyoni nilisema: chukua, mwanamke, chukua! Usiwe mjinga! Kamanthe aliutazama ule ufunguo muda mrefu. Akanyoosha mkono, ule wenye nyufa, akaupokea, akaufunga ndani ya kiganja.

"Na wengine thelathini na mmoja?"

"Hao hawakunitukana mbele ya wageni," Masila akasema.

Kamanthe alisogea karibu naye, akautia ufunguo kwenye mfuko wa koti lake, taratibu, akaupiga mfuko kidogo kwa nje ahakikishe umeingia. Tope la kiganja chake likabaki kwenye suti ile. Kisha akageuka. "Mwaitu, kwangu umemaliza. Ijumaa ni kwa Syombua."

"Syombua ni yupi?" bibi akauliza.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Masila alirudi kwenye pikapu peke yake, na watu wa njiani hawakumpisha upesi.

Ijumaa bibi alikuja kwangu. Nilikuwa nimeweka kiti na chai, nimeapa hatashika kitu. Alikunywa chai, akainuka, akaenda kwenye tuta. Nilimfuata nikibubujika: nikamtukana mwanawe, nikamtukana mgeni wa Nairobi, nikaitukana kamati yote mpaka machozi ya hasira yakanitoka. Alichimba akinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Mdomo wako hauchoki," akasema bila kuinua kichwa. "Chimba."

Alipita kwa wanawake tisa, mmoja baada ya mwingine, kabla kifua hakijamlaza mwezi wa pili. Hakuamka tena. Kamanthe bado anauza nyanya juu ya gunia, na askari bado wanamkimbiza. Kibanda namba nne kinauza viatu. Wanawake waliobaki bila kulimiwa ni ishirini na watatu. Masila anawajua wote kwa majina, na jembe la mama yake liko kwangu, aje achukue.