Harufu ya Oili Nyuma ya Nyumba

Baba alikuwa fundi wa magari, akifanyia kazi nyuma ya nyumba yetu ya kanjo, tuliyopangishwa na baraza la jiji, huko Kaloleni. Oili chafu aliimwaga palepale uani ili kutuliza vumbi. Mafundi wa mtaani walifanya hivyo wote. Alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alituachia ua mweusi usioota hata magugu.

Mama alitaka kupanda mrenda hapo, ile mboga ya majani yenye utelezi, kwa mbegu alizotoka nazo kwao magharibi. Kila kilichochipuka kiligeuka manjano kikafa. Alisema tu kwamba nyumba isiyo na kitu cha kuchuma ni kama imehamwa.

Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, nikisoma chochote nilichookota. Katika jarida kuukuu nikakuta kwamba udongo una bakteria wanaokula mafuta, mradi wapate hewa, maji na mbolea. Ukurasa ule niliurudia hadi ukachanika, kwa kuwa sikuamini kwamba ningeweza kufanya jambo kama hilo nisiliharibu.

Nilichanganya udongo na samadi ya kuku na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, nikanyunyiza maji, nikageuza kwa jembe. Kisha nikageuza tena, kwa hofu kwamba nimekosea. Mvua ikinyesha nilikosa usingizi nikidhani nimewazamisha bakteria wangu. Kaka yangu hakuacha kunitania.

"Sasa daktari, wagonjwa wako wamekunywa chai?"

Sikujua kwamba huo wasiwasi wangu, wa kugeuza na kugeuza, ndio uliokuwa ukiwapa hewa.

Jioni Mama alikuja, akachuchumaa, akachota udongo kiganjani na kuunusa. Nilidhani anakagua kazi yangu. Basi nilizidi kujitesa: nikaponda kila bonge, nikaokota kila nati na kila kipande cha waya.

Masika yalipokwisha udongo ulikuwa wa kahawia, na mrenda ukaota na kusimama. Nilimwita Mama, nikamwekea udongo mkononi. Aliunusa kwa muda mrefu.

"Haunuki tena," nikasema, nikingoja sifa.

"Haunuki, mama," akajibu. Aliniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Hata mashati ya baba yako nilishayafua. Nilikuwa nimebaki na hapa tu."

Karibu na ukuta palikuwa na kipande ambacho jembe langu halikuwa limekifikia, bado cheusi. Kilikuwa kikinikera, na nilikuwa nimepanga kukimaliza kesho yake. Nikalirudisha jembe ndani.

Tulikula ule mrenda. Mama aliusifu, akaosha vyombo, kisha akaenda kuchuchumaa kule ukutani. Nilimtazama kutoka mlangoni. Manyunyu yalikuwa yameanza, na kuku wa jirani walikuwa wakichakura hapohapo miguuni pake. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba kile kipande nacho kingeliwa na bakteria, polepole, bila msaada wangu. Sikumwambia.