Siku nne za Nathanaël na mashine ya nyasi isiyotembea

Saa moja asubuhi, siku ya Jumanne, uwanja mdogo wa ndege wa Wamaza umejaa kelele. Injini ya mashine ya kukatia nyasi inanguruma kwa nguvu zake zote. Juu ya kiti chake ameketi Nathanaël Kalonda, ameshika usukani kwa mikono miwili kama dereva wa lori la mizigo. Lakini magurudumu yanatambaa.

Mwanamke mwenye kikapu cha mihogo kichwani anatokea nyuma, anamfikia, anampita.

"Papa Natha, ukifika kule mbele utakuta nimeisha kuuza," anamwambia bila kugeuka.

Nathanaël anakanyaga pedali mpaka mwisho. Mwendo ni ule ule.

"Inalia muzuri, visu viko vinakata muzuri, lakini haitembei," anasema baadaye, akijifuta jasho kwa kofia. "Kama ingezimika kabisa, ningejua imekufa, nilie, nimalize. Hii iko inanichezea."

Nathanaël, mwenye umri wa miaka 47, ndiye mtunzaji pekee wa uwanja huo wa mita mia tisa. Hulipwa dola sabini kwa mwezi, ingawa miezi mingine hupita kimya. Mashine hiyo ililetwa na wafadhili mwezi wa sita, kwa ndege, ikiwa vipande vipande, na yeye ndiye aliyefundishwa kuiendesha. Tangu hapo uwanja mzima, mistari thelathini ya kwenda na kurudi, alikuwa akiumaliza kwa siku moja.

Jumatatu yote alikata mistari saba.

Na Alhamisi asubuhi ndege ya madaktari wa macho ilikuwa inatarajiwa. Rubani hatui nyasi zikipita kifundo cha mguu. Watu wa Wamaza wanalijua hilo vizuri. Mwezi wa tatu, kabla mashine haijaja, vijana waliokuwa wakifyeka kwa kupe-kupe, yaani mapanga, walikuwa wamekimbilia dhahabu ya Salamabila. Mvua ikanyesha, nyasi zikafika magotini. Ndege ikaja, ikazunguka mara mbili, ikarudi ilikotoka. Wagonjwa ishirini na watatu walikuwa wamekaa darasani wakisubiri.

Mmoja wao ni Mama Victorine, mama mzazi wa Nathanaël, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfunika macho yote mawili kwa miaka mitatu sasa.

"Nilisikia ndege ikikuja, nikasikia ikienda," anasema mama huyo. "Basi."

Tabu hii ya pili ilianza Jumamosi. Siku hiyo Nathanaël aliishiwa petroli katikati ya kazi, akanunua dumu jipya kwa Soraya, mfanyabiashara mwenye asili ya Kasongo anayeuza mafuta kando ya njia. Alipoiwasha tena mashine, ikawa kobe. Hakufikiri mara mbili. Alikwenda kwa Soraya na, mbele ya wateja wake, akamwambia kuwa mafuta yake yana maji.

"Pikipiki kumi na mbili zimekunywa hii esansi leo," Soraya alimjibu. "Zote ziko njiani zinakimbia. Ni ya kwako tu inakunywa maji?"

Nathanaël aliondoka akinung'unika. Alimwaga petroli yote, akaosha tangi, akatia nyingine. Hakuna kilichobadilika. Akasafisha chujio la hewa, akabadilisha plagi, akajaza upepo magurudumu. Kila mpita njia alikuwa fundi. Mmoja alisema mashine ina njaa ya oili. Mwingine akasema mashine imerogwa na wafyekaji walionyang'anywa kazi. Nathanaël alimfukuza kwa spana mkononi.

Jumanne mchana alifika Pitchou, fundi wa pikipiki wa Salamabila. Alipiga magoti, akasikiliza, akauliza swali moja.

"Papa, hii mashine ilianguka?"

"Hapana," Nathanaël alijibu.

Basi Pitchou akaushuku mkanda unaopeleka nguvu za injini kwenye gia. Mkanda wa aina ile haupatikani kokote karibu, kwa hiyo walitafuta wa mashine ya kusaga unga. Ulikuwa mrefu mno. Mashine ilipiga kelele, ikanuka mpira unaoungua, ikaenda polepole kuliko kwanza. Wakarudisha ule wa zamani, wakaukaza. Giza likawakuta. Hesabu ya siku mbili ilikuwa mistari kumi na moja.

Jioni hiyo Nathanaël alikataa chakula. Mama yake, aliyeshinda kibarazani, alimuuliza kama amemaliza.

"Bado, mama."

"Najua bado. Kutwa nzima nasikia ile kelele. Haisogei."

Jumatano asubuhi waliamua kuirudisha mashine kibandani wakaifungue gia yenyewe, kazi ambayo Pitchou hakuwahi kuifanya. Injini ilikuwa imezimwa. Pitchou aliegemeza mkono mmoja nyuma ili aanze kusukuma, na mashine ikaondoka.

Akasimama. Akaisukuma tena, kwa vidole sasa. Ikaenda tena.

"Papa Natha, gia inayoshika haisukumiki hivi," alisema. "Kuko mahali pa kufungulia, mashine isukumwe kama kitoroli. Nani alifungua?"

Nathanaël alizitazama nyasi. Kisha akasema kile alichokuwa amekificha tangu Jumamosi: mashine ilikuwa imeanguka. Kabla tu mafuta hayajaisha alikuwa amesinzia kidogo, gurudumu likaingia kwenye mtaro pembeni mwa uwanja. Wanaume wanne walimsaidia kuitoa. Ili isukumike, yeye mwenyewe alivuta kichuma chembamba kilichoko nyuma, karibu na gurudumu. Kisha akakirudisha haraka haraka, kabla mkuu wa kamati ya uwanja hajapita akauliza.

"Niliogopa wataniondoa kwa kazi," anasema. "Nikaona ni heri ikuwe kosa ya Soraya."

Walilala chini wote wawili. Kichuma kilikuwa kimerudi nusu tu, kwa hiyo gia nayo ilishika nusu tu. Tope lililokauka na nyasi zilizosokotana vilikizuia. Pitchou alivikwangua kwa kijiti, Nathanaël akakisukuma kwa kiganja. Kikaingia.

"Siku ine," alisema Pitchou, akijipukuta magoti. "Siku ine, papa! Jana nilikuuliza!"

Kisha akapanda pikipiki yake, akaenda zake.

Saa tisa alasiri mstari wa thelathini ulikuwa umekatwa. Alhamisi ndege ilitua. Ijumaa Nathanaël alikwenda sokoni kumwomba Soraya radhi, naye akamnyamazisha. "Usininong'oneze. Ulinitukana kwa sauti, omba kwa sauti." Akaomba kwa sauti, watu wakacheka, na akakubali wacheke.

Madaktari walimpasua Mama Victorine jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akasema, "Natha, umezeeka hivi?" Jicho la kushoto linasubiri safari ijayo, mwezi wa pili, mvua zikiwa bado nyingi.

Mkuu wa kamati alipewa habari yote na Nathanaël mwenyewe. Alimkata mshahara wa wiki moja, lakini hakumfukuza.

Sasa Nathanaël amenunua daftari. Kitabu cha mashine kilikuja kwa lugha asiyoisoma, kwa hiyo anaandika chake kwa Kiswahili, na anataka kufikia mwezi wa pili awe amewafundisha watu wawili kuendesha na kukagua. Ukurasa wa kwanza umekwisha kujaa. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi kubwa, unasema: "Kama imeanguka, sema imeanguka."